Kuhusu mwanafunzi anayesema "hesabu si zangu"

Mwalimu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Mwanafunzi haleti fujo wala hachelewi, ila kipindi cha hesabu anakaa tu, na kila ukimsifu anazidi kunyamaza. Unataka kujua uanze na kumjengea kujiamini au umbane kwanza afanye kazi. Nimefundisha hesabu miaka 11 na njia zote mbili nimezikosea, kwa hiyo jibu litakuwa refu. Mnivumilie.

Nilikuwa na binti mmoja mwenye daftari safi kuliko yote darasani. Ananakili swali, anaandika "Njia", anapiga mstari chini yake kwa rula, kisha penseli inabaki hewani. Nikimkaribia anainama kama anayekokotoa. Nikishapita anachukua ufutio na kufuta mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Muhula mzima nilimhesabu kuwa mvivu.

Na kila nilipomwendea nilimwambia, "Hili rahisi, jaribu tu." Nilidhani namtia moyo. Hebu kaa upande wake: akilipata, amepata kitu rahisi, hakuna cha kujivunia. Akilikosa, ameshindwa hata kitu rahisi, tena mwalimu kasimama pale pale. Kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba hawezi, kutojaribu ndiko kwenye hasara ndogo. Alikuwa anapiga hesabu zake vizuri kuliko mimi.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeanza kulieleza jambo hili mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba kazi fulani anaiweza: kuifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mtu wa kiwango chake akifaulu, maneno anayoambiwa, na jinsi anavyousoma mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio. Chenye nguvu zaidi ni hicho cha kwanza. Walimu tumeng'ang'ania cha tatu kwa sababu hakihitaji maandalizi. Na tazama, ni imani juu ya kazi fulani. Yule binti nje ya darasa ndiye aliyewapanga wenzake kwenye michezo yote, na hakuna aliyembishia. Aliganda mbele ya 1/3 + 1/4.

Nilipoacha kuhubiri nikakaa naye, niligundua kwamba kichwani alikuwa na jibu: 2/7. Alijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Alihisi kuna kasoro, hakujua ni wapi, ndiyo maana hakuandika. Basi nikampa swali lililokwisha kufanywa karibu lote: vigawe vya 3 na vya 4 vimeorodheshwa, 12 imezungushiwa duara, imeandikwa 4/12 + 3/12, limebaki jibu tu. Akajaza 7/12. La pili nikaacha wazi mistari miwili, la tatu mitatu. Sikumsifu hata mara moja, nilitia vyema nikaenda zangu. Kwenye swali la tano au la sita aliniita: "Mwalimu, mbona asili, hizi namba za chini, hazijumlishwi?" Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza tangu nianze kumfundisha. Tukakata karatasi tukabishana mpaka kipindi kikaisha.

Kwa hiyo unapouliza kipi kitangulie, kwangu mimi ni kipande cha kazi anachoweza kukimaliza, kidogo kiasi hicho, lakini cha kweli. Mwaka 1981 Bandura na Dale Schunk walifanya jaribio na watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Kazi ilikuwa kurasa 42 kwa vipindi 7. Kundi moja lilipewa lengo la kurasa 6 kila kipindi, jingine likaambiwa limalize zote 42 mwishoni. Kurasa ni zile zile. Waliopewa lengo la karibu walijua kutoa vizuri zaidi, walijiamini zaidi, na hata walipoachwa wachague wenyewe cha kufanya, walirudi kwenye kutoa kuliko wenzao.

Tahadhari moja, maana humu kuna wanaodhani kujiamini kukizidi ndiyo heri. Niliwahi kuwataka wanafunzi waandike pembeni ya kila swali, kabla ya kulifanya, wana uhakika kiasi gani kati ya 0 na 10. Kijana mmoja aliandika 10 kote na akakosa zaidi ya nusu. Huyu naye alikuwa hashiriki, ila kwa sababu nyingine: haoni cha kujifunza. Yeye hahitaji kazi iliyomegwa, anahitaji kuilinganisha ile 10 na vyema vyake kila wiki. Alikasirika wiki ya kwanza. Ya tatu akaanza kuandika 6.

Na wale mnaoshauri mwanafunzi aitwe ubaoni kwa lazima ili "azoee": kwa aliyekwisha kuganda, hapo unamwongezea ushahidi wa kushindwa, tena mbele ya watu. Nilifanya hivyo pia, sirudii.

Kwa huyo wako, chukua daftari lake leo utafute mstari wa mwisho aliouandika kabla ya kuacha. Ukishaupata, uandike hapa pamoja na swali lenyewe, tuone amekwama wapi.