Skrubu za mabamba ya zamani zipimwe kabla skii mpya hazijatobolewa

Weka drili chini kwanza. Umeandika kwamba umefungua baindingi (vifaa vinavyoshika buti juu ya skii) pamoja na mabamba yake, yaani vipande bapa vinavyokaa kati ya baindingi na skii, kutoka kwenye skii zako za zamani, umezitia skrubu zote kwenye kikopo kimoja, na mwisho wa wiki hii unakusudia kuvihamishia vyote kwenye skii mpya kwa skrubu zile zile, "kwa sababu zimetoka na bamba lake." Maneno hayo niliwahi kuambiwa na fundi wa duka moja, mtu aliyezungumza kana kwamba skii zote za duniani zimepitia mikononi mwake, na kwa kumwamini nikaharibu jozi ambayo ilikuwa haijagusa theluji.

Skrubu ya baindingi inayofungwa moja kwa moja juu ya skii huingia ndani kiasi cha milimita 9 hivi, na ndiyo maana skii nyingi zimechapishwa maandishi kama 4.1 x 9, yaani kipenyo cha biti ya drili na kina cha tundu kwa milimita. Hiyo 4.1 ni ya skii zenye tabaka la metali chini ya uso wake wa juu; za watu wazima zisizo nalo kwa kawaida hutobolewa kwa 3.6. Skrubu ya bamba ni ndefu zaidi kwa kuwa inapita kwanza kwenye unene wa bamba, na unene huo haulingani kati ya bamba moja na jingine, wala si lazima ulingane kati ya tundu la mbele na la nyuma katika bamba lile lile. Kiwanda kilichokuuzia seti yako kilichagua urefu wa kila skrubu kikiijua skii iliyokuwa chini yake, lakini hii mpya hakikuijua. Isitoshe, bamba ni refu kuliko baindingi yenyewe, hivyo skrubu zake za mwisho huangukia mahali ambapo skii imeshaanza kuwa nyembamba.

Mimi nilitoboa kwa biti sahihi, yenye bega la kuizuia isipite kina kinachotakiwa, nikasafisha matundu, nikatia gundi. Yote yalikuwa sawa isipokuwa jambo moja: tundu lilikuwa na kina cha milimita 9 na skrubu ilitaka zaidi. Za mbele ziliingia bila ubishi. Za nyuma zilianza kukaza mapema, nami nikaongeza nguvu ya mkono, kwa kuwa yule bwana alikuwa amenihakikishia kwamba ukinzani ni dalili ya skrubu kushika vizuri. Nilipoigeuza skii na kulaza rula ya chuma kwenye uso wake wa chini, rula iliinuka upande mmoja na mwanga ukapita chini yake, kwa sababu palikuwa na kivimbe mfano wa punje ya dengu, mahali hasa ncha ya skrubu ilipofika. Kukitoa kivimbe hicho si rahisi kama kukitia. Ukiifungua skrubu, uso haurudi kuwa bapa, na ukiusaga, unakwangua plastiki ambayo unene wake unazidi milimita moja kwa kiasi kidogo tu, kisha maji yanapata njia ya kufika kwenye mbao za ndani. Nilijifariji kwamba angalau nina skii inayonionyesha kisigino changu kilipo hata gizani.

Nilimrudia fundi nikiwa na skii mkononi. Jibu lake lilikuwa kwamba "skii hizi ni nyembamba mno." Kumbe skii ndiyo iliyopaswa kuiomba radhi skrubu!

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote fanya hivi. Shika bamba mkononi, pitisha skrubu kwenye tundu lake, isukume hadi kichwa kikalie mahali pake, kisha pima kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili) urefu uliochomoza upande wa chini. Kama skrubu hiyo inapita kwenye baindingi na bamba kwa pamoja, pima vyote viwili vikiwa vimeshikana. Rudia kwa kila tundu na uandike, kisha linganisha na kina kilichochapishwa kwenye skii mpya. Inayozidi haitumiki, tafuta fupi yenye hesi (mizunguko ya skrubu) zile zile, na usijaribu kuinua kichwa kwa washa, yaani kipete bapa cha chini ya kichwa, kwani kichwa kisipokalia mahali pake hakishiki sawasawa. Chunguza pia kama matundu marefu ya bamba, yale yanayoiacha skii ijikunje bila kubanwa, yalikuwa na bushi ndogo (vipete vya kuvalishwa skrubu) chini ya vichwa vya skrubu. Kikopo kimoja kilichochanganya kila kitu kinanitia wasiwasi hasa kwa ajili ya bushi hizo, kwani ikikosekana moja, skrubu huzama zaidi na bamba hubanwa pasipotakiwa. Na bisibisi iwe PZ3, yaani ya msalaba wa Pozidriv namba 3, maana ile ya msalaba wa kawaida hula vichwa.

Kuhusu breki za baindingi, zile zinazoisimamisha skii buti likiachiwa, upana wake uwe sawa na kiuno cha skii mpya, yaani sehemu yake nyembamba ya katikati, au uzidi kwa milimita chache. Nguvu ya kuachia buti usiinakili kutoka kwenye mpangilio wa zamani. Hupangwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 11088, kwa uzito, urefu, umri, uwezo wako na urefu wa soli ya buti, kisha hupimwa kwa mashine dukani. Uliza leo kama baindingi yako bado imo kwenye orodha ya kiwanda chake ya baindingi ambazo bado kinazikubali zihudumiwe, kwa sababu maduka mengi hukataa kuzigusa zilizoondolewa, na jibu hilo ni afadhali ulipate kabla ya kutoboa. Uliuliza pia kuhusu alama ya katikati ya buti na kuziba matundu ya skii za zamani, lakini hayo watakujibu wengine, maana kila nikianza kuyaandika ninajikuta nimerudi kwenye skrubu.

Leta hapa vipimo vyote, tundu kwa tundu, pamoja na namba iliyochapishwa kwenye skii mpya, tuone ni zipi zibadilishwe.