Cherehani ya bibi ina miaka mingapi? Maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tanga, nimerithi cherehani ya bibi, Singer nyeusi ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono, mbele ina kibati cha duara chenye ukingo wa bluu kimeandikwa 1851-1951. Jirani anasema imetengenezwa 1851 kwahiyo nisiiuze chini ya bei ya gari, mjomba anasema ni ya 1951. Namba yake inaanza na EH. Bibi aliolewa 1953 na mama anasema alikuja nayo. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba wako amepatia, na jirani mwambie taratibu tu. 1851 ndio mwaka Isaac Singer alipopata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, kule Marekani, na mwaka huo mashine zao zilikuwa madude makubwa ya karakana, hazifanani kabisa na hicho kidogo chako. Ilipofika 1951 kampuni ikatimiza miaka 100 ndio wakabandika hivyo vibati vya bluu kusherehekea, sawa na khanga ya uhuru, haina maana imefumwa siku bendera inapandishwa.

Ila mimi kibati siamini peke yake maana kinang'oka na kuhamishiwa mashine nyingine, mafundi wetu mnawajua. Naamini namba. Angalia upande wa kulia chini, kwenye kitako karibu na gurudumu, ndipo Singer wanapogonga namba. Kama ni tarakimu tupu bila herufi, na ni Singer nyeusi ya kizamani kweli, hiyo ni ya kabla ya 1900. Kuanzia 1900 wakaweka herufi moja mbele, baadaye herufi mbili. Ikianza na C ni ya Wittenberge Ujerumani, Y ni Clydebank Scotland miaka ya 1920 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na herufi mbili zinazoanza na E kama yako ni Clydebank pia, kuanzia 1935 kuja juu. Kwahiyo E yako, kibati cha bluu na harusi ya 1953 vyote vinaelekea sehemu moja, nakuandikia 1951 au 52 na nalala usingizi. Sisemi mwezi, kwa sababu namba walikuwa wanazigawa kwa mafungu kabla mashine hazijaundwa, fungu la mwaka huu linaweza kumalizika mwaka ujao.

Sasa fungua kile kibati cha kuteleza kushoto kwa sindano. Ukikuta bobini ya duara imelala chali hapo, yako ni aina ya 99, mdogo wa aina ya 66. Ukikuta kitu kirefu kama risasi kinachokwenda na kurudi basi ni ukoo wa aina ya 28, na hapo usikimbilie kusema ni ya zamani zaidi, hiyo aina walianza nayo karne ya 19 lakini ndugu yake 128 alikuwa anatengenezwa bado miaka ya 50, watu wengi wanapotelea hapa. Kama kuna kibati kimeandikwa 99K, hiyo K ni Kilbowie, jina la kiwanda chao hapo Clydebank, mpaka leo treni inasimama stesheni inaitwa Singer.

Kuhusu bei ya gari, pole. Kiwanda hicho kimoja tu mwaka 1913 kilitoa mashine zaidi ya milioni 1. Nyingi bado zinashona. Thamani yako ni ya bibi, na hiyo dukani haipimwi.

Halafu namba ikiwa na uchafu usisugue na msasa! Kitambaa na oili ya cherehani, subiri, futa. Spiriti pia usiguse yale maua ya dhahabu, vanishi ya juu inayeyuka na maua yanaondoka nayo, niliharibu moja hivyo na bado inaniuma.

SWALI: Yangu ni cherehani ya Jones, iko Unguja, imeandikwa kwa dhahabu kwamba ndiyo aliyouziwa Queen Alexandra. Ni ya malkia kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, ni tangazo tu, walichapa kwenye mashine chungu nzima. Ila limekusaidia, maana Alexandra, mke wa mfalme wa Uingereza, amekuwa malkia 1901, kabla ya hapo cheo chake kilikuwa Princess of Wales na Jones waliandika cheo hicho. Yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1901.

SWALI: Niko Muscat, kuna mtu anataka cherehani ya marehemu mama, ameweka simu karibu na sindano akasema mtandao ukikata ina zebaki nyekundu ndani. Anatoa pesa nyingi ila anataka kwanza nitoe "hela ya kipimo".

JIBU: Mfukuze. Zebaki nyekundu ni kitu cha uvumi tu, wanakisifia kuwa na thamani kubwa. Uvumi huu huu uliwahi kuwasha moto Saudia mwaka 2009, watu wakanunua Singer mpaka riyali 200,000, na kipimo chao kilikuwa hicho hicho cha simu. Nimefungua cherehani nyingi kuliko ninavyokumbuka, ndani nimekuta oili iliyoganda, vumbi la pamba, sindano zilizovunjika, mara moja senti ya mkoloni yenye tundu. Zebaki sijaiona, nyekundu wala nyeupe. Na anayetaka kununua kwako halafu wewe ndio utoe hela, huyo hajaja kununua cherehani. Nitumie herufi za mwanzo za namba tuangalie mwaka wake toleo lijalo.