Mwanangu, ulivyoniuliza kuhusu Kinuyo Tanaka

Mwanangu,

Meseji yako ya jana nimeisoma mara mbili. Umeniuliza, mama, huyo mwigizaji wako wa Kijapani, Kinuyo Tanaka, ilikuwaje na ustaa wote ule akaenda kujifunza kuongoza filamu ukubwani, hakuogopa kuchekwa? Najua unaniuliza kwa sababu ya ile kozi na hao vijana wa miaka 20 utakaokaa nao darasa moja. Ngoja nikuandikie maana kwenye simu tunakatizana.

Kuchekwa alishachekwa kabla ya hapo. Aliingia studio ya Shochiku mwaka 1924 ana miaka 14, enzi za filamu bubu, na 1931 Japani ilipopata filamu ya sauti iliyotamba kwa mara ya kwanza, yeye yumo. Nchi nzima kipenzi chao. Mwisho wa 1949 akaenda Marekani, kaondoka na kimono, vazi la kwao la asili, Januari 1950 anashuka kwenye ndege na miwani ya jua na manyoya, anawarushia watu mabusu. Weee! Vita vimeisha juzi tu, Wamarekani bado wanaitawala Japani, magazeti yakamshukia ati kajifanya Mmarekani, wengine wakamwandika kazeeka. Kila nikikumbuka naumia, mabusu tu jamani.

1952 muongozaji Kenji Mizoguchi akampa nafasi ya Oharu, mwanamke wa zamani anayeporomoka kutoka nyumba za wakubwa mpaka kujiuza barabarani. Filamu inaanza usiku, tunamuona kwa mgongo anatembea, kajitanda kitambaa anaficha uso, na kabla hujamuona sura ushajua huyu kachoka, kwa mwendo tu.

Sasa jibu lako liko hapa. 1953, ana miaka 43, akasema anataka kuongoza. Akaenda kwanza kuwa msaidizi wa muongozaji Mikio Naruse, yaani staa aliyeigiza karibu miaka 30 anafundishwa kazi kama mgeni kabisa, na mwaka huohuo akatoa filamu yake ya kwanza. Mizoguchi huyohuyo, waliyetengeneza naye kazi zao bora, alimpinga kwenye chama cha waongozaji. Hilo mi siwezi kumsamehe, na filamu zake nazipenda. Ozu, muongozaji mwingine, alimsaidia, skripti ya filamu yake ya pili alishiriki kuiandika. Kinuyo akaongoza filamu sita mpaka 1962, na ninayoipenda zaidi ni ile ya 1955 ya mshairi mwenye saratani ya titi, maana alithubutu kumuonyesha mgonjwa ambaye bado anatamani kupendwa, na kipindi kile nani alikuwa anaonyesha hayo?

Na kuigiza hakuacha. 1974 akacheza Sandakan namba 8, bibi maskini aliyeuzwa kisiwa cha Borneo akiwa binti, na 1975 tamasha la filamu la Berlin wakampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Kuna mahali mgeni wake anaondoka, bibi haombi hela, anaomba ile taulo mgeni aliyokuwa anatumia, ili kila akiishika amkumbuke, alafu anaifunika usoni analia. Miaka miwili baadae akafariki.

Jumapili njoo tuiangalie pamoja, wali nitapika mimi. Na hiyo fomu ya kozi uje nayo, tuijaze hapahapa mezani.

Mama yako