Iondoe hiyo chupa ya kalsiamu: jibu kwa mwenye mbwa mjamzito

Chupa ya kalsiamu uliyouziwa iondoe leo hii, kabla hujasoma neno jingine la wanaokujibu kuhusu maboksi na mablanketi. Umeandika kwamba mbwa wako ni mchanganyiko wa Japanese Spitz, hafiki kilo saba, na yuko katika wiki ya tano ya mimba yake ya kwanza. Umeuliza alishwe nini, sanduku la kuzalia liwe na ukubwa gani, aogeshwe au asiogeshwe, na utajuaje kuwa uchungu umeanza. Kisha, kwa sentensi moja ya kupitia tu, ukaongeza kuwa muuzaji wa duka la dawa za mifugo amekushauri umnyweshe kijiko cha kalsiamu kila asubuhi hadi atakapojifungua, ili mifupa ya vilebu ikomae na maziwa yawe mengi. Ushauri huo niliuziwa na mimi, pamoja na chupa, na tofauti kati yako na mimi ni kwamba wewe bado hujaimaliza.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: mbwa mwenye mimba hapewi kalsiamu ya ziada, iwe ya maji, ya unga au ya vidonge, na akishazaa hapewi mpaka daktari wa mifugo aseme. Watakuja watu kukuambia kwamba wao waliwapa mbwa wao na hakuna kilichotokea. Huenda ni kweli, hasa kama mbwa wao ni majike makubwa yenye watoto watatu, lakini wewe una mbwa mdogo ambaye hujui amebeba vilebu wangapi, na mbwa wadogo wenye vilebu wengi ndio hasa wanaopatwa na jambo ninalokueleza.

Shingoni mwa mbwa, kando ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nyingine ndogo sana, nne kwa kawaida, ambazo kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kiwango kinaposhuka, hutoa homoni inayoifanya mifupa iachilie sehemu ya akiba yake, figo zisiipoteze kalsiamu katika mkojo, na utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Ukimnywesha kalsiamu kila siku katika mimba, tezi hizo hukosa sababu ya kufanya kazi, zikazembea. Baada ya kuzaa, maziwa huanza kuichota kalsiamu kwa kasi, na kasi hiyo huongezeka kadiri vilebu wanavyokua na kunyonya kwa nguvu, hadi wiki ya tatu au ya nne. Tezi zilizozembea haziamki kwa siku moja, na kijiko chako cha asubuhi hakiwezi kufidia kinachotoka kwenye chuchu usiku na mchana. Kalsiamu ya damu ikiporomoka, mishipa ya fahamu huanza kuisukuma misuli bila kuamriwa na ubongo. Madaktari wanaiita eklampsia. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua ndugu yake kwa jina la homa ya maziwa.

Mbwa wangu alizaa salama, jambo lililonifanya nitembee mtaani nikijisifu kuhusu maandalizi yangu. Mwishoni mwa wiki ya pili, usiku mmoja wa Julai hapa Arusha, baridi ikiwa ile ya kulala na soksi, nilimkuta amewaacha vilebu na anazunguka sebuleni akihema mdomo wazi, huku akijisugua uso kwenye zulia. Nilidhani ni viroboto. Nikamtazama tena nikadhani amechoka kunyonyesha, na kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba kalsiamu haizidi, nikamwongezea kijiko. Haikupita saa moja akaanza kutembea kwa miguu iliyokakamaa isiyokunjika magotini, na nilipoweka kiganja juu ya paja lake nilihisi misuli ikirukaruka chini ya ngozi, mfululizo, hata alipokuwa amesimama tuli. Kisha akaanguka ubavu, shingo ikarudi nyuma, taya likabana, na mate yakatoka kwa povu.

Unajua mbwa anayetoa povu na kutapatapa huitwaje mtaani. Jirani mmoja alitoka na rungu, na wa pili akashauri kwa nia njema kabisa kwamba tummalize kabla hajang'ata mtoto wa mtu. Siwalaumu, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua na hakina tiba dalili zikishaanza kwa binadamu. Kilichomwokoa ni kwamba chanjo yake ilikuwa haijaisha muda na cheti kilikuwa ndani, nikabaki nimesimama getini kwa kaptura na soksi nikikionyesha kwa tochi ya simu, kama dereva wa daladala aliyesimamishwa na trafiki, huku nikisoma tarehe kwa sauti. Leo nacheka. Usiku ule nilikuwa naomba tu bajaji ifike kabla jirani hajamaliza kusoma.

Daktari tuliyemwamsha alimpima joto, akakuta limepita nyuzi 41, kwa sababu misuli isiyopumzika hutoa joto bila kukoma. Hakuuliza mengi. Aligusa chuchu, akauliza umri wa vilebu, akauliza alikuwa anapewa nini wakati wa mimba, na nilipotaja chupa akafumba macho kidogo, akaenda kuvuta dawa. Ilikuwa kalsiamu pia, jambo lililonichanganya sana, lakini ile ya kuchomwa kwenye mshipa wa damu, tena polepole mno, mkono mmoja ukisukuma bomba na mwingine ukishikilia stetoskopu kifuani, kwa sababu dawa hiyo ikiingia kwa haraka inaweza kuusimamisha moyo. Kila mapigo yalipobadilika alisimama, akasubiri, akaendelea. Sindano ikiwa bado iko mguuni, mtetemeko ulianza kupungua, taya likalegea, na mbwa akapiga miayo. Naeleza kwa kirefu ili usije ukasoma mahali kwamba tiba ni kalsiamu ukajaribu kumnywesha nyumbani mbwa aliyekakamaa: hawezi kumeza sawasawa, na kitakachoingia kitaelekea mapafuni.

Na mapafu ndiyo yaliyonigharimu zaidi kuliko bili ya daktari. Tuliambiwa mama asinyonyeshe kwa siku nzima, kwa kuwa kila tone la maziwa lingemrudisha alikotoka, na kwamba vilebu walishwe kwa mkono. Maziwa maalumu ya vilebu hayakupatikana usiku ule, kwa hiyo nilichemsha ya ng'ombe, ambayo kwa kilebu ni mepesi mno, maana maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu maradufu. Wepesi wake haukuwa kosa kubwa. Kosa lilikuwa kuwalaza chali kiganjani, kama tunavyowapakata watoto wetu, na kuwasukumia maziwa kwa bomba la sindano. Kilebu hulishwa akiwa amelalia tumbo, kichwa kikiwa juu kidogo, na anyonye mwenyewe kwa mwendo wake. Wawili walianza kukoroma kifuani kesho yake, maziwa yakiwatoka puani, na hatukuweza kuwaokoa. Watoto wa nyumbani walikuwa wameshawapa majina.

Sasa kuhusu huyo muuzaji wako, ambaye sitashangaa akiwa binamu wa wangu. Nilirudi dukani na chupa tupu mkononi. Alinisikiliza, akasema mbwa wangu atakuwa na udhaifu wa kuzaliwa, akaniambia kwamba ng'ombe wa maziwa hupewa kalsiamu na hawafi, kisha akanipunguzia bei ya chupa nyingine. Hoja ya ng'ombe ndiyo iliyoniudhi, kwa sababu hata huko ameikosea. Mfugaji mwenye mtaalamu mzuri humpunguzia ng'ombe kalsiamu katika wiki za mwisho kabla ya kuzaa, kusudi tezi ziwe macho siku maziwa yatakapoanza kutoka, na kalsiamu huongezwa baada ya hapo. Mtu anayeuza madini ya mifugo kila siku ya Mungu hakulijua hilo, au alilijua na akaona rafu yake imejaa. Koti jeupe linauzwa mitumbani kwa bei ya sahani ya chipsi, kwa hiyo ukimwona mtu amelivaa muulize kwanza amesomea nini na wapi.

Umeuliza chakula. Katika mwezi wa kwanza wa mimba hakuna cha kuongeza. Kuanzia wiki hii ya tano au ya sita unaongeza kidogo kidogo, mpaka wiki ya mwisho awe anakula takriban theluthi moja hadi nusu zaidi ya kawaida yake, kwa milo midogo ya mara kwa mara, kwa sababu mfuko wa uzazi unabana tumbo. Ukimudu, mpe chakula kamili cha vilebu hadi vilebu waachishwe kunyonya. Kalsiamu na fosforasi zimo humo kwa uwiano unaotakiwa, na ndiyo maana hutakiwi kumwaga kitu juu yake. Dagaa waliosagwa kidogo kwenye ugali hawana neno. Utumbo na mapupu matupu kila siku si chakula, kwa kuwa nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na hilo nalo linamchosha mama kwa njia yake.

Sanduku liwe na nafasi ya yeye kujinyoosha, na lililo muhimu zaidi ni kwamba uliweke mahali unapolala wewe, si stoo, kwa sababu dalili za mwanzo za eklampsia, yaani kuhema ingawa hali ya hewa si ya joto, kutotulia, kuwakimbia vilebu na kujisugua uso, mara nyingi hupita usiku bila mtu kuziona, na hufuatwa na kukakamaa ndani ya saa chache. Ukiona hata moja kati ya hizo, watenge vilebu na uondoke kwenda kwa daktari; usisubiri ya pili.

Kama umeshampa vijiko kadhaa, acha tu. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, kwa hiyo una takriban mwezi mzima mbele yako wa kuzipa tezi nafasi ya kurudi kazini. Mweleze daktari umempa kiasi gani na tangu lini, bila kupunguza idadi kwa aibu. Inawezekana yeye mwenyewe akaamua kumpa kalsiamu wakati wa uchungu uliozorota au wakati wa kunyonyesha, na hapo usibishane naye kwa kutumia andiko langu.

Ila mpigie leo, umuulize kama hutoka usiku na kama anayo kalsiamu ya kuchoma kwenye mshipa. Duka lile lilikuwa na rafu nzima ya chupa za kunywesha, na ya kuchoma halikuwa nayo hata moja.