Usimnunulie mkeo hiyo rivolva nyepesi kabla hajaipiga mwenyewe

Usiinunue.

Mkuu umeandika kwamba umepata rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi za .38 Special, mtutu wa inchi mbili, bodi ya alumini, haifiki nusu kilo, na unataka kumpa mama watoto kama sapraizi, ya kujilindia ndani ya nyumba ukiwa safarini. Sababu yako: "ni ndogo na nyepesi, haitamsumbua mkononi." Halafu unauliza risasi gani aweke, taa ifungwe au isifungwe, na kasiki ya aina gani. Yaani unauliza rangi ya mapazia na nyumba yenyewe hujaikagua.

Hilo neno lako "nyepesi, haitamsumbua" ndilo lililonimaliza mimi, kwa hiyo salamu utanisamehe.

Silaha nyepesi inaumiza zaidi. Risasi ikienda mbele, silaha inarudi nyuma, na kwa risasi ileile msukumo ni uleule iwe silaha nzito au nyepesi. Kinachotofautiana ni kasi inayokurudia nayo kiganjani. Punguza uzito wa silaha kwa nusu na nishati inayokuja mkononi inakuwa mara mbili. Hii ni fizikia ya shuleni, wala haihitaji mtaalamu. Chukua Smith & Wesson Model 10, rivolva ya chuma inayokaribia kilo moja: unapiga .38 Special unaona kawaida tu. Chukua 642 ya kampuni hiyohiyo, gramu mia nne na kidogo, weka risasi zilezile, halafu uje utuambie hali ya kiganja chako.

Mimi nilinunua ya jamii hiyo. Aliyeniuzia alinitazama usoni akaniambia, "Bosi, hii ndiyo ya akina mama." Ya akina mama! Yeye mwenyewe kiunoni alikuwa na dude la chuma ambalo lingetia nanga jahazi. Nikampigia simu shemeji yangu mmoja, mstaafu wa jeshi, nikijua huyo hawezi kunipoteza. Akasema rivolva haikwami, haina mambo mengi, mwanamke anavuta tu inalia. Anavuta tu! Hizi rivolva ndogo ambazo nyundo imefichwa ndani, kifyatulio chake kina safari ndefu na kizito, kilo tano na ushee ni kawaida. Sasa piga hesabu: unavuta kilo tano kwa kidole kimoja kwenye kitu kisichofika nusu kilo. Mtutu unatembea kabla risasi haijatoka, na vile vialama vya kulengea viko karibu karibu mno, kosa dogo huwezi hata kuliona. Hizi silaha zinahitaji mpigaji mzoefu. Sisi tunawapa wanaoanza kwa kuwa zinapendeza kwenye boksi.

Kabla hamjaanza kunicheka, nilisoma mapitio, na mengi tu. Yote yaliandikwa na wanaume wenye vifundo vya mikono vinene, wanaobeba silaha mfukoni kutwa na kuilalamikia kila gramu. Shida yao haikuwa shida yangu.

Tukaenda renji, uwanja wa kulengea shabaha. Risasi ya kwanza mke wangu aliitazama ile silaha kana kwamba imemtukana. Akaendelea kwa kunionea huruma, maana alijua nimetoa hela. Mwisho akaiweka mezani taratibu, akafungua na kufunga kiganja, akaniambia, "Baba fulani, hii ni yako." Mimi nikajifanya naona ni jambo la kuzoea. Nikamshawishi aendelee, tukarudi tena na tena, na hapo ndipo nilipofanya uharibifu wenyewe. Hela inatafutwa. Lakini mwili ukishajifunza kwamba kifyatulio ni maumivu, hausahau haraka. Akaanza kufumba macho. Akaanza kusukuma mtutu chini sekunde ile ya kufyatua, akiupokea mshtuko kabla haujaja. Mkufunzi akamchanganyia risasi bandia na za kweli bila yeye kujua ipi inafuata: ikifika bandia, hakuna mlio, lakini mtutu unainama palepale. Hata tulipompa bastola laini baadaye, bado alikuwa anaiogopa ile ya kwanza. Ilibidi arudi nyuma kabisa hadi bastola ya risasi ndogo za .22, ambayo karibu haina msukumo, ajenge upya mkono kuanzia sifuri.

Na wakati wote huo ile rivolva iko kwenye kasiki, mimi nasafiri roho nyeupe nikijua nyumba ina ulinzi. Ulinzi gani? Kitu ambacho hataki hata kukigusa?

Kwa nchi nyingi, kibali kinaandikwa kwa silaha yenyewe na namba yake. Kubadilisha maana yake ni kuanza mlolongo upya, hurudi dukani na risiti ukasema saizi haikumkaa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: apige kwanza, kwa mkono wake, ndipo pesa itoke. Asishike tu dukani. APIGE. Na sio risasi mbili tatu halafu mseme iko poa, apige mpaka mkono uchoke ndipo useme. Wewe usiseme chochote. Angalia kama kidole chake kinafika kwenye kifyatulio bila kuzungusha mshiko. Kama ni bastola ya magazini, angalia kama anaweza kuijaza mwenyewe, kuivuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) mwenyewe, na kuikagua kama ni tupu mwenyewe. Kisha weka karatasi ya A4 mita tano hivi, apige mfululizo bila kukaa anavuta pumzi kati ya risasi na risasi. Anayeipatia karatasi na anataka kuendelea, silaha yake ni hiyo. Anayesema "sio mbaya" anakuonea huruma. Naijua hiyo sauti.

Watakuambia slaidi ni ngumu kwa wanawake. Mara nyingi ni mtindo tu. Asogeze silaha karibu na kifua, mtutu uelekee upande salama, kidole nje ya kifyatulio, mkono mmoja ushike slaidi kwa nguvu, mkono wa bastola usukume mbele. Kusukuma kuna nguvu kuliko kuvuta kwa ncha za vidole. Ikigoma bado, ipo bastola ya Shield EZ ya Smith & Wesson, ile ya risasi fupi za .380 ilitoka 2018 na slaidi yake ilitengenezwa makusudi iwe laini.

Ila usidanganyike na hiyo .380 kwamba yoyote ni laini. Bastola kama Walther PPK haina kufuli kati ya mtutu na slaidi, kinachozuia ni springi na uzito wa slaidi, kwa hiyo springi inakuwa ngumu na msukumo unakuja mkali. Glock 42 ni .380 hiyohiyo lakini mtutu unafungwa na slaidi kwanza, mkononi ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana nasema apige, asisome boksi.

Unajua mke wangu alichagua nini? Glock 19. Ya 9 mm, saizi ya kati, ambayo mimi niliipita kabatini bila kuigusa nikisema hii kubwa kwake. Mshiko unaenea kiganja chote, uzito unameza msukumo. Na ukifikiri vizuri, ya nyumbani ya nini iwe ndogo? Haibebwi mfukoni wala kwenye mkoba. Haifichwi chini ya gauni. Udogo ni kwa ajili ya kubeba, na wewe hujasema popote kwamba atabeba.

Kama umeshalipia hiyo rivolva, basi badilisha mshiko, weka wa mpira mnene unaofunika chuma cha nyuma, na mtafutie risasi laini za kulengea shabaha, zile wadcutter za ncha bapa, greni 148 (karibu gramu kumi). Itapungua makali. Bado kifyatulio ni kilekile.

Sasa nijibu mkuu, maana nimesoma uzi wako wote mara mbili sijaona: yeye mwenyewe amesema anaitaka? Ameshawahi kupiga silaha yoyote?