Usimwachie broka bei ya vinyago vya mama

Dada, umeuliza kama mama na shangazi zako kule Tabaka, Kisii, waache kumuuzia broka, wapakie vinyago vyote kwenye basi la Nairobi. Mimi nasema wasipakie vyote. Mawe ya Kisii ni mazito, na kinyago kimoja cha kiboko kikivunjika sikio njiani, faida ya vingine vitatu imekwenda.

Kwanza kaeni chini mpige hesabu: jiwe lenyewe, ujira wa mchongaji, msasa, rangi, nta, na zile siku mama anazoshinda ameinama kwenye beseni akisugua. Hizo siku ndizo watu husahau, na broka anazipata bure. Inaniuma sana, maana bila mikono ya hao akina mama jiwe haling'ai.

Kisha chagueni vitu vidogo vidogo, visahani na vibakuli, mjaribu maduka mawili matatu ya Kisumu. Vifungeni kwa magazeti na nyasi kavu. Mtu akiagiza, atume nusu kwa M-Pesa kabla mchongaji hajagusa jiwe.

Na tafadhali, mama asisugue jiwe likiwa kavu. Vumbi lile huingia mapafuni. Atumie maji kila mara, hata kama mteja ana haraka.