Shangazi na "dawa bandia"

Shangazi alifika ukurasa wa tatu wa ile fomu, akavua miwani, akaikunja fomu na kuitia mkobani. "Mwanangu, twende zetu. Hawa wameandika wenyewe kwamba watanipa dawa bandia."

Tulikuwa kliniki ya presha katika hospitali moja hapa Nairobi. Alikuwa ameombwa ajiunge na utafiti wa tembe mpya. Nilimwomba ile fomu nikasoma, na kweli iliandikwa: "Utapewa ama dawa ya utafiti ama dawa bandia." Riziki yangu naipata kwa kusahihisha miswada ya Kiswahili, na hata mimi moyo ulinidunda. Kwetu dawa bandia ni ile polisi wanayoonyeshwa nayo kwenye taarifa ya habari, imejaa magunia.

Mfasiri alikusudia plasebo, yaani tembe inayofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani haina dawa. Hapo hakuna anayetapeliwa, maana unaambiwa mapema kwamba huenda ukaipata. Inawekwa ili ijulikane kama nafuu imeletwa na dawa yenyewe au na kule kupimwa mara kwa mara na kuambiwa pole na muuguzi, maana hata pole nayo inaweza kuteremsha presha. Mfasiri angeandika "tembe isiyo na dawa", na Shangazi asingekunja kitu.

Tangu siku hiyo nimewasomea majirani kadhaa fomu kama zile, na nimegundua kwamba maneno magumu hayana shida. Ukikuta "famakokinetiki" utauliza tu. Linaloponza ni neno unalolijua tangu utotoni.

Chukua "bahati nasibu". Fomu ilisema washiriki watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na Shangazi, ambaye hata tiketi za zawadi za dukani hazigusi, akasema, "Dawa bandia, halafu kamari!" Sababu ya kugawa hivyo ni nyepesi. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, atawapa dawa mpya wale wenye afya bora kidogo, au wale anaowahurumia, na mwishoni hutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni watu waliochaguliwa. Kwa hiyo kompyuta ndiyo inayogawa, bila kumjua mtu.

Halafu kulikuwa na mzee wa kisukari kwenye benchi letu. Yeye alikwama kwenye "utafiti wa upofu wa pande mbili". Kumwambia mgonjwa wa kisukari habari za upofu! Maana yake ni kwamba wewe hujui umepata tembe ipi, na daktari anayekuhudumia pia hajui, hadi utafiti uishe. Siri hiyo inahifadhiwa pembeni, na ukizidiwa inaweza kufunguliwa ili utibiwe ipasavyo. Mzee alisikiliza, akaguna, akauliza kwa nini basi wasiseme "siri ya pande mbili". Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kama umeombwa ujiunge na utafiti, swali moja naliweka mbele ya mengine yote: nikiangukia upande usio na dawa mpya, ugonjwa wangu utatibiwa na nini? Tafiti nyingi humwacha mgonjwa aendelee na dawa zake za kawaida, kisha dawa mpya au plasebo inaongezwa juu ya hizo. Nyingine hulinganisha dawa mpya na ya zamani, bila plasebo kabisa. Usikubali jibu la "usijali".

"Awamu" haina makuu. Ya kwanza hupima usalama na dozi kwa watu wachache, ya pili huongeza watu, ya tatu hufika mamia au maelfu, na ya nne huja dawa ikiwa tayari madukani. Ukiambiwa awamu ya kwanza, jua kwamba hakuna anayejua bado kama itakuponya.

Na orodha ya "matukio mabaya" isikutoe roho. Utafiti huandika kila baya linalompata mshiriki, hata akigongwa na bodaboda akienda sokoni. Kazi ya kuchambua lipi limetokana na dawa na lipi limetokana na bodaboda hufuata baadaye.

Neno ambalo mimi mwenyewe nimelielewa vibaya kwa miaka ni "sugu". Shangazi amezaliwa Majengo, Pumwani, na ukimtajia utafiti anasema, "Kwetu tumetolewa damu tangu zamani." Hasemi uongo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliwafuatilia wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono mtaani humo, wakaona baadhi yao hawaambukizwi virusi vya Ukimwi ingawa walikutana navyo mara nyingi. Yaliyoonekana kwao yalichangia chanjo iliyoanza kujaribiwa hapa Nairobi mwaka 2001. Wale wanawake waliitwa sugu kwa virusi, na hapo sugu ni mtu. Lakini daktari akisema "usugu wa dawa", sugu ni kijidudu, kisichouawa tena na dawa. Shangazi, kama nilivyokuwa mimi, aliamini mwili wake ndio uliozoea viuavijasumu, yaani antibiotiki, hivyo akawa anaviacha katikati "mwili upumzike".

Tuje kwenye asilimia, maana hapa hata waliosoma tunaanguka. Mwishoni mwa 2020 redio zilitangaza chanjo ya Uviko ya Pfizer na BioNTech kuwa na ufanisi wa asilimia 95. Jirani yangu akaniambia, "Kumbe katika mia tukichanjwa, watano wataugua." Sivyo. Katika hesabu ile kila upande ulikuwa na watu 18,000 hivi. Waliochanjwa, waliougua walikuwa 8. Waliodungwa maji ya chumvi, 162. Hiyo 8 ni kama sehemu 5 katika kila 100 za ile 162, na ndipo 95 ilipotoka. Asilimia hiyo inalinganisha makundi mawili, haikuhesabu wewe na jirani zako.

Mchezo huohuo hutisha pia. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walionywa kwamba tembe fulani mpya za kupanga uzazi zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Wengi waliziacha kwa hofu. Maradufu hiyo ilikuwa kutoka mwanamke 1 katika 7,000 hadi wanawake 2 katika 7,000, na mimba yenyewe huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo ukisikia "maradufu" au "nusu", uliza: kutoka ngapi hadi ngapi?

Shangazi alikaa na fomu wiki nzima. Siku tuliyorudi alimuuliza muuguzi swali lake kuhusu tembe zake za zamani, akajibiwa ataendelea nazo, akauliza pia kama anaweza kujiondoa katikati bila kunyimwa matibabu, akaambiwa anaweza. Akatia sahihi. Akapimwa damu, figo zikaonekana zimechoka kidogo, na baada ya siku chache simu ikaja: "Pole mama, hukufuzu."

Nilimkuta barazani amejiinamia. "Wenzangu wote wamefaulu," aliniambia. "Mimi nimeanguka mtihani wa presha."